Kanda Iliyongoja Mvua

Waya bado upo. Unatoka juu ya mlango wa sebule ya Khalif, unakunja kona, unashuka ukutani hadi mahali palipokuwa na meza ya televisheni. Kila mara nyumba ilipopakwa rangi, fundi aliupitishia brashi pamoja na ukuta, kwa hiyo umenenepa kama mshipa wa mkono wa mzee, na asiyejua atadhani ni ufa uliovimba. Siku ya pili baada ya kumzika Khalif nilikuwa nimekaa chini yake, mgongo ukutani na tasbihi mkononi, wanaume wengine wakiwa wametoka kwenda kupunga upepo. Dahabo akaingia na chupa ya chai. Ni mwanamke mzima sasa, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye watoto wake. Lakini Khalif ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo sana, naye Dahabo alimwita Aabo, baba, sawa na watoto aliowazaa. Alinimiminia kikombe kisha hakuondoka. "Adeer," akasema, kwa jina tunalomwitia ndugu wa baba, "kila Idi tukitoka kuswali, Aabo alikuwa akinishika mkono na kuniomba msamaha. Namuuliza, kwa kosa gani? Anasema, wewe sema tu umenisamehe. Nami nasema. Miaka yote nimesamehe kitu nisichokijua. Wewe ulikuwa naye siku zile. Ni kitu gani?"

Alichokijua yeye ni kile tulichokuwa tukiwaambia watu wote: kwamba bibi yake mzaa baba, aliyemrithi jina, aliishi katika ua wa nyumba hii, akafa mwaka wa mvua kubwa kabla hawajaonana. Ni kweli, lakini ni kweli iliyokatwa katikati. Wote waliokuwa nami sebuleni siku kweli yote ilipojulikana wametangulia mbele ya haki, nami nimebaki, kwa rehema ya Mwenyezi Mungu na si kwa ubora wangu. Nimefundisha watoto Kurani miaka mingi na nimewaambia kwamba amana si dhahabu peke yake. Hata neno ulilolisikia ni amana, na lina mwenyewe. Basi nilimwambia. Na niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa.

Mwaka wa 1997 ulianza kwa ukame. Nilikuwa kijana, nimemaliza masomo yangu kwa Maalim Issack, nikingoja kupewa darasa langu mwenyewe, na wakati huo mjini Garissa harufu ya mizoga ilikuwa ikitufikia upepo ulipovuma kutoka upande wa malishoni. Khalif alikuwa amerudi kutoka Jedda na kamera kubwa ya kubebwa begani, deki moja ya video, na bunda la waya mweusi ambalo watu walidhani ni la kufungia ngamia. Nyumba hii ilikuwa ya shangazi yake, Eeddo Safia, muuza vitambaa, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika hadi sokoni. Khalif aliutoa waya kwenye deki, akaupandisha juu ya bati, akauvusha kwa jirani, na kutoka kwa jirani hadi nyumba nyingine, mpaka kila mwenye televisheni katika bula yetu, yaani mtaa wetu, akawa anaona kile kilichowekwa sebuleni kwa Eeddo Safia. "Umetufunga sote kamba moja kama mbuzi wa kupelekwa mnadani," wazee walimwambia. Walitarajia filamu za Kihindi. Khalif akawaonyesha wao wenyewe: soko la mifugo, wanawake wakijenga nyumba ya matawi na mikeka, mikokoteni ya punda ikitoka mtoni na maji. Nakumbuka alivyomwekea kamera mfugaji mmoja na kumuuliza ana ngamia wangapi. Mtu wetu hahesabu mifugo yake mbele za watu, anaogopa jicho. Yule mzee aliitazama kamera kwa muda mrefu, akasema, "Wapo." Khalif akauliza tena, wangapi, Adeer? "Wapo waliopo." Bula nzima ilicheka wiki nzima. Ukimuuliza mtu ana shilingi ngapi mfukoni, anakujibu, zipo zilizopo.

Kabla ya kuwasha waya mara ya kwanza, Khalif alikwenda kwa Maalim Issack kuuliza kama jambo hili linafaa. Mimi ndiye niliyempeleka. Maalim alikuwa akila anjera, mkate wetu mwembamba, kwa mafuta ya ufuta na sukari, naye hakuwa mtu wa kujibu akiwa na tonge mdomoni. Alimaliza, akanawa, akafuta ndevu. "Mtaonyesha nini?" Khalif akasema, watu na habari zao. "Habari za watu zina wenyewe," akasema Maalim. "Kama ni barua ya mtu, usiifungue kabla yake. Usiitazame kwanza ukajua siri yake naye hajui. Ukinishikia hilo, washa waya wako." Khalif alimbusu mkono. Sharti lile lilikuwa jema na bado naliona jema. Nalieleza mapema ili msomaji asije akatafuta mtu mbaya katika habari hii. Hayupo.

Kwa maana baada ya miezi michache ule waya uligeuka kuwa njia ya barua. Vita vya Somalia vilikuwa vimewatawanya watu kama punje zilizomwagika. Mama yuko kambini Dadaab, mwana yuko Mandera, mke hajui aulize wapi. Tangu zamani watu wetu walikuwa wakirekodi salamu kwenye kaseti za redio na kuzituma kwa madereva wa malori. Khalif akawapa picha. Mtu alikaa kwenye kigoda uani, akataja jina lake, la baba yake, la babu yake, akapanda hivyo ukoo wake mpaka pumzi imwishie, kisha akasema anayemtafuta. Kanda ikapanda lori. Huko ilikokwenda, Wajir, Bute, Elwak, iliwekwa kwenye televisheni ya mkahawa iliyofungwa kwa betri ya gari, na watu walikunywa chai wakisikiliza koo zikitajwa. Majibu yakija, Khalif alimwita mwenyewe akamuuliza: kwenye waya, au peke yako? Karibu wote walichagua waya, kwa sababu walioomba dua pamoja nawe wana haki ya kufurahi pamoja nawe. Kazi yangu ilikuwa kufungua kwa Bismillahi na kushika kipaza sauti nikieleza kwa Kiswahili, kwa ajili ya wauguzi na walimu wa kutoka bara waliokuwa wamevutiwa waya majumbani mwao. Nikichelewa kidogo, Eeddo Safia alinifinya. "Warya, ewe Maalim mdogo, sema! Yule mwalimu wa Kitui anakungoja na chapati mkononi."

Ayeeyo Dahabo alikuwa akiishi uani. Ayeeyo ni bibi, nasi sote tulimwita hivyo ingawa hakuwa na undugu wa damu na yeyote kati yetu. Alichoka na kambi, akapanda lori hadi Garissa, akaketi mbele ya duka la Eeddo Safia kupata kivuli, na Eeddo akamwambia, "Kivuli changu cha nyumbani ni kikubwa zaidi." Akajijengea nyumba yake ya mikeka karibu na mlango wa jikoni. Alisuka makuti na nyuzi za magome kutwa nzima, alikula kidogo sana, na alikuwa akiacha tonge la mwisho katika kila sahani. Eeddo akimgombeza, yeye husema, "La Nuur hilo." Nuur alikuwa mwanawe pekee aliyebaki, walipotezana usiku mmoja wa kukimbia, akiwa kijana wa kuanza kuota ndevu. Khalif alimwomba mara nyingi atengeneze kanda naye akakataa. Siku alipokubali alitoa masharti. "Uso wangu usiupige. Kambini nimepigwa picha na kila aliyeshuka kwenye gari, na hakuna hata mmoja aliyerudi na mwanangu. Piga mikono. Nuur anaijua." Basi kanda yake ilikuwa mikono peke yake, ikisuka, wa kushoto ukiwa na kovu la kuungua na chuma cha kuchomea anjera, na sauti yake ikisema: "Nuur, mimi mama yako. Niko Garissa kwa Safia muuza vitambaa. Ninakula, ninalala. Ukiwa hai, njoo. Ukiwa na mke, njoo naye. Ukiwa huna kitu, njoo hivyo hivyo."

Jibu lilitoka Elwak kabla ya mvua za vuli. Dereva aliileta kanda ikiwa imefungwa kwa kitambaa, akasema imerekodiwa na mpiga picha wa harusi wa huko na kwamba ni ya mama wa ile mikono. Zaidi ya hapo hakuulizwa, wala yeye hakujua. Khalif alikuja mbio kunionyesha. Hakuitazama. Deki ilikuwa hapo, umeme ulikuwapo, na nilimwona akiigeuzageuza kisha akaiweka juu ya kabati, juu kabisa, kama mtu anayeficha halua ya watoto. Ayeeyo alipoulizwa, kwenye waya au peke yako, alijibu, "Nimewachosha na dua zangu mwaka mzima. Waacheni nao waone."

Ijumaa ile baada ya Alasiri sebule ilijaa. Viatu vilizagaa mlangoni mpaka mtu akawa hana pa kukanyaga. Eeddo Safia alikuwa amekaanga buni kwa samli, kama tunavyofanya tukiomba heri, akalizungusha bakuli, na kila mtu akajipaka yale mafuta mikononi na nyweleni. Ayeeyo alikaa mbele karibu na televisheni, bakuli likiwa mapajani mwake. Nikasema Bismillahi. Akatokea mwanamume wa makamo, amekaa mbele ya ukuta wa mabati, akataja ukoo wake, nami nikaueleza. Akasalimu watu wa Garissa, nikaeleza. Kisha akatazama chini, akasema, "Mama yetu Dahabo, Mungu akupe subira na imani." Kwa watu wetu maneno hayo hayasemwi ila kwa jambo moja. Nilishusha kipaza sauti bila kueleza. "Nuur alishikwa na homa, tukamzika kwa mikono yetu," akasema yule mtu, "na..." Hapo Khalif aliruka, akaung'oa waya nyuma ya deki na kuzima televisheni kwa kiganja, kwa nguvu kiasi kwamba ilitaka kuanguka.

Niliona uso wake na sitausahau. Kwetu habari ya kifo hailetwi hivyo. Huletwa na wazee, kwa miguu, huketi, huuliza habari za maji na malisho, hungoja mtu awe amekula, kisha husema polepole, mmoja akiwa amemkaribia ili amshike. Na hapa sisi tulikuwa tumemtupia mama wa watu kifo cha mwanawe kutoka kwenye kioo, mbele ya nyumba zote za bula kwa wakati mmoja. Nje watu walianza kupiga kelele juu ya kuta. "Khalif! Waya imekatika! Warya, rudisha!" Kisha waliofahamu wakawaambia wasiofahamu, na kelele zikafa nyumba moja baada ya nyingine, na tukasikia mbuzi. Ayeeyo alikuwa akiokota buni zilizomwagika mkekani, moja moja, akizirudisha kwenye bakuli. "Usihangaike na waya, mwanangu," alimwambia Khalif. "Nimesikia."

Maalim Issack alikuja na wazee wakafanya ilivyopasa kufanywa, ingawa kwa kuchelewa. Khitma ikasomwa. Khalif aliitoa kanda akampa Ayeeyo kwa mikono miwili, akamwambia atakapotaka kusikia yaliyobaki, watakuwa wawili tu, mlango umefungwa. Ayeeyo akasema, "Yaliyobaki ni jinsi alivyougua na nani alimwosha. Nitayasikia, lakini si katika joto hili. Nitayasikiliza mvua ikinyesha, moyo ukipata unyevu kidogo." Akaiweka katika sanduku lake la bati. Sote tuliamini alivyoamini yeye. Ni Eeddo Safia peke yake aliyekosa raha. Jioni moja jikoni, akisonga ugali, nilimsikia akimwambia Khalif, "Yule mwanamume alisema 'na', ukamkata. Na nini? Nenda kaichukue akiwa msalani, tazama, urudishe." Khalif akasema, "Eeddo, nilimwahidi Maalim." Wakaenda kwa Maalim, naye akasema, "Ni yake. Mwenye amana akisema ngoja, tunangoja."

Mvua ikaja. Wale waliokuwapo hawahitaji kuambiwa ilikuwa mvua gani. Siku ya kwanza tulitoka nje na kulia kwa shukrani. Ayeeyo alinyoosha mikono yake nje ya mlango wa nyumba yake ya mikeka, akaiacha ilowe, akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. "Ijumaa, Khalif," akasema. Kabla ya Ijumaa nguzo za umeme zilikuwa zimelala, mji uko gizani. "Ijumaa ijayo," akasema. Mvua haikukoma. Mto Tana ukapanda ukingo, ukaingia mashambani, ukaingia bulani kwetu alfajiri moja, nasi tukatoka na kilichoshikika. Khalif alimbeba Ayeeyo mgongoni mpaka shuleni, penye mwinuko. Sanduku lilibaki. Barabara zilikatika pande zote, chakula kikawa kinashuka kwa ndege, na homa ikaingia, ya mbu na ile ya mifugo, hata ukawa huwezi kujua ni ipi iliyomchukua nani. Ayeeyo aliugua darasani, juu ya mikeka, ubao wenye hesabu za watoto ukiwa juu ya kichwa chake. Nilimsomea Yasini. Katikati alifumbua macho, akamtafuta Khalif. "Taa zimerudi?" Khalif akasema, "Bado, Ayeeyo." Akasema, "Basi tungoje." Hakusema tena.

Nimesoma mengi kuhusu subira na nimeyafundisha. Najua malipo ya mwenye kungoja. Lakini katika kitabu chochote nilichopewa kusoma sijakuta ukurasa unaonieleza niseme nini juu ya huruma iliyofanya haraka. Khalif hakuung'oa waya kwa ubaya. Aliung'oa kama unavyomvuta mtoto penye moto. Huruma ni tendo jema, na bado ina haraka yake, na haraka ile ilikata neno moja dogo ambalo nyuma yake kulikuwa na mtu.

Maji yalipopungua alifukua sanduku kwenye tope. Akaenda nayo ile kanda kwa Maalim Issack, ikidondosha maji machafu mkekani pake, akauliza, mwenye amana amekufa, sasa ni ya nani? Maalim akasema ni ya mrithi. Khalif akasema hana mrithi. Maalim akamrudishia kanda. "Basi itazameni," akasema, "mjue kama hana." Khalif alifungua skrubu kwa bisibisi, akautoa utepe, akauosha kwa maji ya mvua yaliyochujwa, akauanika kivulini kwenye kamba ukizunguka sebule yote, akaufuta kwa kitambaa laini, akauviringisha kwa mkono kwenye ganda la kanda nyingine. Penye kukatika aliunga kwa selotepu. Umeme uliporudi tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Eeddo Safia aliyesimama kwa sababu hakuweza kukaa. Picha ilikuwa vumbi tupu likipepea. Sauti ilikuwa ikizama na kuibuka. Tukasikia, "...tukamzika kwa mikono yetu, na ameacha..." ikazama, ikaibuka, "...mama yake alifariki akimzaa. Nuur alimpa jina lako. Yuko kwetu, tumeni mtu." Eeddo Safia alijifunika uso kwa shuka. Khalif alitoka nje akakaa penye nguzo za nyumba ya mikeka iliyoanguka, na lori la kwanza lililoweza kupita kwenda Elwak lilimchukua. Aliporudi alikuwa na mtoto amelala begani, mahali pa kamera. Kamera hakuishika tena. Aliteremsha waya kwenye nyumba zote akaacha kipande hiki tu, na tulipomuuliza, alisema hiki kimeshikwa na rangi.

Hapa ndipo nilipofika nikimsimulia Dahabo. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hayafuti. Muadhini akaanza adhana ya Alasiri, nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kupata sababu ya kuacha. Nikanyoosha mkono kutafuta bakora yangu. Akaiwekea kiganja. "Iqama bado, swala haijaanza, Adeer. Kanda iliishia hapo?"

"Karibu na hapo."

"Basi maliza. Usikate."

Nikairudisha bakora chini. "Yule mtu alikuita," nikamwambia. "Alisema, Dahabo, njoo umwamkie Ayeeyo. Hatukukuona, palikuwa na vumbi tu. Lakini sauti ilitoka safi kuliko yote. Ukasema, Ayeeyo, mimi nina mbuzi. Mtu akacheka. Ukasema, sikio lake moja jeupe. Kisha kanda ikaisha."

Adhana ikaisha. "Namkumbuka mbuzi yule," akasema. "Alikuwa akikohoa." Kisha akainuka, akaweka kiganja ukutani juu ya ule waya ulionenepa kwa rangi. "Nimekusamehe, Aabo," alisema, kwa sauti ileile ya kila Idi, na akaanza kukusanya vikombe.